Panadol, ini na saa nane za kwanza: maswali na majibu

SULT1A1 ni nini?
Ni jeni iliyo kwenye kromosomu ya 16. Inaelekeza mwili kutengeneza kimeng'enya kinachobandika salfeti kwenye dawa na baadhi ya homoni, zipate kutoka kwa mkojo. Hufanya kazi sana kwenye ini.

Inahusianaje na Panadol?
Parasetamoli, dawa iliyo ndani ya Panadol, huondolewa mwilini zaidi kwa njia mbili, na ya salfeti ni mojawapo. Watoto wadogo ndio wanaoitegemea zaidi. Sehemu ndogo hugeuka sumu, ambayo ini huizima kwa glutathioni, kinga yake ya asili. Ukimeza kupita kiasi, salfeti haitoshi, sumu inazidi, glutathioni inakwisha, seli za ini zinakufa.

Kiasi gani kimezidi?
Mtu mzima mwenye afya asivuke vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, dereva wa lori ananifungulia mfuko: Panadol, dawa ya mafua, dawa ya mgongo. Nageuza pakiti, zote tatu zimeandikwa parasetamoli. Hajala tangu jana, na usiku alikunywa waragi. Jamani, someni pakiti! Njaa na pombe ya kila siku hupunguza kinga ya ini.

Nimezidisha, lakini sisikii chochote. Nisubiri?
Hapana. Siku ya kwanza wengi hawasikii kitu, au kichefuchefu tu. Maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya manjano huja siku ya pili au ya tatu, ini likiwa limeshaumia.

Nikinywa maziwa kwanza nione?
Hapana. Maziwa hayaondoi sumu hiyo.

Basi niende kesho asubuhi?
Hapana! Ipo dawa ya kulinda ini, asetilisisteini, na hukinga vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8 tangu umeze. Kituo kidogo kisipokuwa nayo utapewa rufaa, na njiani saa zinakwisha. Panda boda sasa hivi, ukiwa mzima hivyo hivyo.

Naogopa kukemewa.
Uwe umekosea hesabu au umemeza kwa machungu, tueleze ukweli. Kazi yetu ni kukutibu. Mtoto akinywa chupa ya dawa ya maji, mlete vilevile. Njooni na pakiti au chupa, hata tupu, na mtuambie ilimezwa saa ngapi.