Je, wajua? Ushuru ukifutwa kwa wote, nchi ndogo inaweza kupoteza soko lake la nguo

Fundi wangu yuko Kenya. Nasema komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi. Kazi yake kubwa ni mashati meupe ya shule, na wiki chache kabla ya Septemba humpati kirahisi. Juzi nilimkuta umeme umekatika, amekaa kwenye mashine ya pedali, anaunga kola huku redio ya betri ikizungumzia biashara ya Amerika. Akanyanyua kichwa: “Mwanangu, miaka yote wanasema nguo za Afrika zinaingia kule bila duane. Sasa shati yangu mbona haijatoka Kenya?”

Nilijaribu kumjibu pale pale, sikumaliza. Namalizia hapa.

Tuanze na duane yenyewe, yaani ushuru wa forodha. Kwa kawaida fulana ya pamba ikiingia Marekani hutozwa asilimia 16.5 ya bei yake. Ya nyuzi za kiwandani, kama poliesta, hutozwa asilimia 32. Tuseme fulana ya pamba imetoka kiwandani kwa dola 4: ushuru ni senti 66. Ya poliesta kwa bei hiyo hiyo: dola 1 na senti 28. Kwako wewe unayenunua moja senti 66 ni kitu kidogo, lakini mnunuzi wa maduka makubwa anaagiza laki kwa laki, na anaweza kuhama nchi kwa tofauti ya senti kumi.

Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya AGOA, iliyofungulia nchi nyingi za Afrika mlango bila ushuru. Lesotho, nchi ya watu kama milioni mbili iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, ikaingia mbio. Wenye viwanda kutoka Taiwan wakaleta mashine, wakashona jinzi na fulana. Kufikia 2004 Lesotho ilikuwa inauza Marekani nguo za zaidi ya dola milioni 400 kwa mwaka, na viwanda hivyo vilikuwa vimeajiri zaidi ya watu 40,000.

Walikuwa wanashona haraka kuliko Wachina? Hapana. Walikuwa na zile senti 66 ambazo mwenzao wa China au Bangladesh bado alikuwa anazilipa. Faida yao kubwa ilikaa humo. Ndiyo maana siku ushuru unapofutwa kwa kila mtu, wa Lesotho hajapandishiwa hata senti, na bado amepoteza.

Jambo la namna hiyo lilitokea kweli, ingawa halikuwa la ushuru. Tangu 1974 nchi tajiri zilikuwa zinawekea nguo za nchi kama China kwota: mwaka huu mtaleta kiasi hiki, hamzidishi. Kwota za mwisho zilifutwa tarehe 1 Januari 2005. Nafuu ya AGOA kwa Lesotho haikuguswa hata koma, lakini China sasa iliruhusiwa kuleta zaidi ya kiasi kile cha zamani. Baadhi ya wenye viwanda walifunga milango Lesotho mwisho wa mwaka, na maelfu ya wafanyakazi wakakuta kazi imekwisha. Upendeleo ule ule uliokuwa mtamu mwaka jana ulikuwa umepungua thamani.

Na upendeleo unaweza kuondoka kwa sababu zisizohusu nguo kabisa. Madagascar ilipinduliwa serikali mwaka 2009. Januari 2010 ikatolewa AGOA, ikarudishwa 2014. Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, kutoka senti 20 hadi dola 2 na nusu kwa kilo, ili mafundi wake wapumue. Julai 2018 Marekani ikaiondolea nafuu ya nguo. Kongo yetu ilitolewa Januari 2011, ikarudi Januari 2021. Mwenye kiwanda anayehesabu kurudisha fedha yake kwa miaka saba au kumi akiangalia tarehe hizo, mimi simlaumu akisita.

Sasa nirudi kwa fundi, maana swali lake lina sehemu ya pili. Nilimwomba anionyeshe jora la kitambaa. Kimefumwa China, kikashushwa Dar es Salaam, kikavuka Zambia kwa lori hadi mpakani Kasumbalesa. Uzi nao wa huko huko. Na hapa ndipo nchi ndogo nyingi zinapokwama: forodha ya mnunuzi haiulizi tu shati limeshonwa wapi, inauliza kitambaa kimefumwa wapi. Kwa miaka mingi Ulaya ilidai hatua mbili zifanyike katika nchi inayouza, kufuma na kushona. Ushuru wa nchi maskini ulifutwa huko mwaka 2001, lakini asiye na kiwanda cha kufuma alibaki analipa. Mwaka 2011 ndipo walipokubali kushona peke yake kutosha. AGOA iliruhusu kitambaa cha nchi yoyote kwa nchi maskini, na bila ruhusa hiyo Lesotho isingefika popote. Lakini kwenye AGOA nguo zilikuwa na mlango wao wa pekee: kwanza nchi ithibitishe kwamba ina utaratibu wa kuhakikisha nguo imeshonwa wapi kweli.

Kitambaa tulikuwa nacho. Filtisaf ya Kalemie ilisokota na kufuma, na wazee hapa bado wanalitaja jina hilo. Leo malori yanayotoka Lubumbashi yamebeba shaba, na shaba haina msimu wa mitindo. Mnunuzi wa nguo anataka kontena lifike tarehe aliyosema. Foleni ya Kasumbalesa ikila wiki moja na bandari ikila nyingine, zile senti 66 zimeisha njiani.

Fundi alisikiliza, akageuza jora, akatafuta maandishi pembeni ya kitambaa. Akayapata.

“Basi kitambaa cha China kinaruhusiwa. Na vifungo?”

Chini ya AGOA vifungo, zipu na vitu vya namna hiyo viliruhusiwa kutoka nchi yoyote, mradi visizidi robo ya gharama ya vifaa vyote vya nguo. Akavihesabu vya shati lililokuwa mbele yake: saba, na kimoja cha akiba. Umeme ulikuwa bado haujarudi.