Kujaza risasi upya ni nini, na kwa nini vifaa vyake vya zamani hukusanywa

Ukitaja kujaza risasi upya pale Dodoma mjini, wengi watadhani unazungumzia kupachika risasi kwenye magazini. Hili ni jambo jingine. Risasi ikishafyatuliwa, ganda la shaba hubaki. Mjazaji hulirudishia umbo, akaweka fataki mpya (kiwashio cha baruti) kitakoni, baruti ndani na kichwa cha risasi mdomoni. Ganda ndilo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote, nalo hutumika tena na tena hadi lipasuke.

Marekani kazi hii ina historia ndefu. Kampuni ya Ideal ilianza mwaka 1884 ikauza vifaa vyenye umbo la koleo. Kampuni ya Lyman ikainunua mwaka 1925. RCBS, kampuni nyingine ya vifaa hivi, walifuata mwaka 1943. Leo wakusanyaji wa huko hutafuta makopo ya baruti ya kampuni za Hercules na DuPont yenye karatasi yake ya mwanzo, hata yakiwa matupu. Kinachowagusa zaidi ni maandishi ya penseli juu ya boksi: kipimo cha baruti alichokipenda baba, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Mzee wa Mpwapwa au Kondoa aliyewahi kulinda shamba kwa gobore atawaelewa mara moja. Gobore halina ganda, kwa hiyo kila mlio ulihitaji kushindiliwa upya: baruti kupitia mdomoni, kitambaa, marisau (vipande vidogo vya risasi), kisha mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, fataki ikaja mwisho. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana bunduki za kisasa zisiingie Afrika, ila bunduki za gumegume (za kuwashwa kwa cheche za jiwe) na baruti ya kawaida ziliachiwa kwa masharti.

Kwangu mimi, kifaa kizuri kuliko vyote ni pembe ya baruti. Pembe ya ng'ombe huchemshwa hadi kiini chake kilegee na kutoka, upande mpana ukazibwa kwa ubao, ncha ikatobolewa na kuwekewa kizibo cha mti. Baruti nyeusi huharibiwa na unyevu, hivyo kila kiungo lazima kikaze. Ukiigeuza utaona pale kamba ya ngozi ilipolainisha pembe kwa miaka ya kuning'inia begani.

Kumbukumbu hizo zisikufanye uhifadhi baruti yenyewe. Baruti isiyo na moshi ikizeeka hutoa harufu kali ya asidi, na inaweza kuwaka yenyewe. Fataki nyingi za kale zilikuwa na zebaki, iliyodhoofisha maganda, au chumvi zilizokula mtutu kwa kutu. Ukikuta vitu hivyo kwenye sanduku la babu, usivichome wala kuvigonga, waite polisi. Gobore nalo ni silaha kisheria, linataka kibali. Pembe tupu na kipimo chake cha baruti ndivyo vya kutunza, na mwenye navyo awaulize wazee sasa hivi nani alivichonga na vilipimaje.