Mlipuko wa Ebola Kivu Kaskazini na Suala la Kuaminiwa na Jamii

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, ukaua watu 2,287 kati ya 3,470 waliougua. Chanjo ilianza kutolewa wiki moja tu baada ya tangazo hilo, na hatimaye watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Sisi tunaofanya kazi ya elimu ya afya hatuna budi kujiuliza kwa nini ugonjwa uliokwisha kupatiwa kinga uliendelea kuua kwa karibu miaka miwili. Naamini sehemu kubwa ya jibu imo katika namna wenyeji walivyofikiwa.

Wakazi wa Beni na vijiji vyake walikuwa wameishi na mauaji ya makundi yenye silaha tangu mwaka 2014, na wengi walihisi kwamba kilio chao hakikuwa na wa kukisikia. Ilipokuja Ebola, waliona misafara ya magari, wageni na fedha nyingi vikimiminika kwa ajili ya ugonjwa mmoja, ilhali surua, ambayo iliua zaidi ya watu 6,000 nchini humo tangu kuanza kwa mwaka 2019, haikupata hata sehemu ndogo ya umakini huo. Kisha, mwezi Desemba 2018, uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa mjini Beni. Mtu akiyatazama hayo kwa jumla, ataelewa kwamba waliosema ugonjwa ule ni wa kisiasa hawakuwa wajinga wa afya, bali walikuwa wakitumia mambo waliyoyaona kwa macho yao kupima habari waliyoletewa. Gharama ya kutoaminiana huko ilikuwa kubwa: tarehe 19 Aprili 2019, Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu kutoka Kameruni aliyekuwa akilitumikia Shirika la Afya Duniani, aliuawa hospitalini mjini Butembo.

Neno «jamii» lenyewe hutupotosha, kwa kuwa tunalitamka kana kwamba watu wote wa mahali ni kitu kimoja. Mfanyabiashara Mnande wa Butembo, Mmbuti wa msitu wa Ituri, mkimbizi wa ndani, kijana wa pikipiki na mama muuza samaki sokoni hawasikilizi kinywa kimoja wala hawaogopi jambo moja. Lugha pia huwatenganisha. Ilibainika mjini Goma mwaka 2019 kwamba maandishi ya Kifaransa, na hata yale ya Kiswahili cha pwani, hayakueleweka vizuri kwa watu wengi, hasa wanawake wenye umri mkubwa, waliohitaji Kiswahili kinachosemwa kwao. Hilo litufikirishe sisi tunaodhani kwamba tukishaandika kwa Kiswahili sanifu tumemfikia kila mtu.

Mazishi yalikuwa mahali pagumu kuliko pote. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola huambukiza sana, kwa hiyo kuuosha na kuukumbatia kama desturi inavyotaka ni hatari. Lakini familia iliyokabidhiwa mfuko uliofungwa, usioonyesha chochote, ingejuaje kwamba aliyemo ni ndugu yao? Uvumi ulienea kwamba viungo vya maiti vilikuwa vikiibwa. Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, bila kuyabeza, na mifuko ikabadilishwa ikawekwa sehemu inayoonyesha ndani upande wa uso. Mzee wa ukoo aliweza kuinama, kumtazama marehemu, kuwaambia wenziwe kwamba ndiye, na maombi yakaanza.

Vivyo hivyo kwa wagonjwa. Shirika la misaada ya tiba la ALIMA lilileta vyumba vya kuta za plastiki angavu, vyenye glavu zilizoshonwa ukutani, ambamo muuguzi alimhudumia mgonjwa akiwa nje na mama aliweza kusimama hatua moja tu kutoka kwa mwanawe. Waliopona, kwa kuwa miili yao ilikwisha kupata kinga, waliajiriwa kuwalea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa au wamefariki. Mtu wa mtaani aliyeingia kituoni na kutoka mzima aliaminika kuliko kipaza sauti chochote.

Kwa afisa wa afya wa wilaya, kazi hii huanza kabla ya mlipuko: kujua ni nani anayeaminiwa na kila kundi, awe mkunga, mganga wa jadi, mchungaji, shehe au kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, na kumtembelea wakati hakuna dharura. Mlipuko ukitokea, kila timu ya uwanjani iwe na daftari la maswali ya wananchi, lisomwe jioni hiyo hiyo mbele ya wenye mamlaka ya kubadilisha utaratibu, na aliyeuliza arudishiwe jibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba ombi lake haliwezekani na sababu yake ni hii.