Kumuita mbwa Albert hapa Bukavu: sawa, lakini chagua vizuri

Miye ni veterineri (munganga wa wanyama) hapa Bukavu, Kongo, na siku hizi wananiletea mbwa na paka wenye majina ya wazee kabisa, Albert, Joséphine, Georges, si tena Simba na Bobi tu. Napenda sana ile kitu, juu naona mutu mwenye amepatia mnyama jina la kweli anamuangalia kama wa nyumbani, akikataa kula siku moja tu tayari ananipigia.

Lakini kwetu jina la mutu ni zito. 1972 raisi Mobutu alikataza majina ya kikristo, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akakuwa Mobutu Sese Seko, na wazee wetu wenye walibatizwa Albert wakabakia na jina la kienyeji tu kwenye karatasi, lile lingine likabaki la ndani ya nyumba mpaka miaka ya 1990. Sasa mzee kama huyo, pale komini ya Kadutu fasi nyumba zimeshikana, asikie mutoto anapiga makelele "Albert, toka kwa matope!", ataona wanamutukana. Na haiko mawazo ya bure: kwa Washona wa Zimbabwe mutu anaweza kabisa kupatia mbwa jina lenye kubeba maneno ya kumuambia jirani mwenye wamegombana naye. Kwa hiyo mbele ya kuchagua uliza mama, uliza na jirani wa ukuta. Kama kuna mutu wa karibu mwenye kuitwa jina hilo, ao marehemu mwenye bado mnamulilia, acha.

Sikio la mbwa nalo. Wengi hapa tunawafundisha kwa Kifaransa, asi (kaa), kushe (lala), viens (kuya), non (hapana), basi Léon na Simon zinaishia kama "non" na mbwa anasimama hajui kama unamuita ao unamugombeza, na Roger iko karibu sana na kushe. Albert, Marthe, Joséphine hazina shida, ila Joséphine ikate, ita Jozé, na nyumba nzima iite vile vile.

Paka pia anajua jina lake, usisikilize wenye kukataa. 2019 Atsuko Saito na wenzake kule Japani walionyesha paka wa nyumbani anatofautisha jina lake na maneno mengine hata kama mgeni njo anatamka. Lakini paka wa mkahawa moja wa paka, fasi watu wanakunywa kahawa na paka wengi wanaishi pamoja, hawakutofautisha jina lao na la wenzao, kwa hiyo ukiwa na wawili usiwaite Marie na Marthe.

Jambo lenye nasisitiza kuliko yote: jina la kwenye karne (kitabu kidogo) ya chanjo liwe lile mnaita kila siku. Mbwa akiuma mutu, unaosha kidonda na maji na sabuni dakika 15, unakimbia senta de sante (kituo cha afya), na swali la kwanza ni kama huyo mbwa alichanjwa rage (kichaa cha mbwa). Jirani anasema "ni Albert ameniuma", karne inasema Bobi, hapo tunapoteza wakati kubishana ni mbwa gani. Kwa hiyo ukibadilisha jina, lete karne turekebishe siku ileile, usingoje sindano ya mwaka kesho.