Kilomita Nyingi Pekee Hazitoshi Kulikataa Gari la Fowili

Wengi huamini kwamba gari la fowili, yaani lenye uwezo wa kuendeshwa na magurudumu yote manne, lililotembea kilomita 300,000 limekwisha, na kwamba lenye 90,000 ni salama zaidi. Mita huhesabu umbali tu. Haisemi umbali huo ulipatikanaje. Injini iliyozoea safari ndefu za lami na kubadilishiwa oili kwa wakati mara nyingi huwa imechakaa kidogo kuliko ile ya safari fupi fupi, ambayo huzimwa kabla haijapata moto sawasawa. Isitoshe, namba za mita huchezewa: raba ya pedali ya breki ikiwa imelika hadi chuma kuonekana, hizo 90,000 ni vigumu kuzisadiki.

Ninapokagua gari la kununua, mimi huanzia chini yake. Fundi akifungua nati ya difu (gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu) na oili ikatoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, pengine kwa kuvuka mito. Chasisi nayo igongwegongwe kutafuta kutu, kwa kuwa injini hubadilishwa, ilhali chasisi iliyooza ni hasara tupu. Fowili yenyewe ijaribiwe kwenye udongo au changarawe, si kwenye lami kavu, ambako gari lisilo na difu ya katikati, ile inayoyaacha magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, hukazana linapokata kona.