Uji mtupu haumjengi mtoto: dhana na ukweli kuhusu chakula cha kwanza

Mzazi wa mtoto wa kwanza hapa Dar es Salaam hakosi washauri. Bibi ana lake, mama mkwe ana lake, jirani wa chumba cha pili ana lake, na muuza unga sokoni naye ana lake, tena lenye bei. Wengi wao wanampenda mtoto kwa dhati. Lakini tumbo la mtoto wa miezi sita ni dogo na mahitaji yake ni makubwa, na mazoea mengi tunayorithishana kazi yake ni kulijaza tumbo hilo maji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 6 katika kila 10 wa umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na 3 katika kila 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao hawatoki wote katika nyumba zisizo na chakula. Wengi wanakunywa uji kila siku.

"Analia sana, maziwa hayamshibishi"

Hii huanza mapema, mtoto akiwa na miezi mitatu hivi. Kalia usiku kucha, asubuhi bibi kashasema ni njaa, na sufuria ya uji iko jikoni. Mtoto wa umri huo hulia kwa mengi: joto la chumba, gesi tumboni, usingizi, kutaka tu kubebwa. Kama anakojoa mara sita au zaidi kwa siku na mstari wake kwenye kadi ya kliniki unapanda, huyo anashiba. Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya yetu wanasema neno moja: maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita itimie, bila uji na bila maji. Hata kwa joto la Februari. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo akiona kiu mnyonyeshe.

Kwa wengi, hata hivyo, kinachosukuma uji wa mapema ni kazi. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mtoto hata miezi mitatu hajatimiza, mama anatakiwa awe kituoni Mbagala au Gongo la Mboto alfajiri kugombania daladala. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Ziombe, tena kwa maandishi. Na maziwa yanakamuliwa: nawa mikono, kamua kwenye chombo safi chenye mfuniko, weka kwenye friji, yatafaa hadi siku nne. Nje ya friji, penye joto lisilozidi nyuzi 25, mwisho ni muda wa saa nne, na vyumba vyetu vingi vina joto kuliko hapo, kwa hiyo usiyategemee ya mezani. Dada anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kidogo. Ikishindikana kabisa, zungumza na muuguzi kabla ya kukimbilia uji.

"Unga wa lishe ukiwa na nafaka nyingi ndiyo bora zaidi"

Hapa ndipo pesa nyingi za wazazi zinapopotea. Nenda Kariakoo au mashine yoyote ya kusaga mtaani, utauziwa unga wenye mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, ngano, soya na karanga, na kadiri orodha inavyorefuka ndivyo bei inavyopanda. Lakini mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele na ngano vyote ni kundi moja la chakula. Ukivichanganya vyote sita, bado umempa mtoto nafaka. Nafaka zina wanga wa kutosha, madini ya chuma yaliyomo ni machache, na hata hayo machache hushikwa na kiambata kiitwacho faiteti, tumbo likayapitisha tu.

Soya na karanga nazo zina mambo yake. Soya ikisagwa bila kuchemshwa au kukaangwa ipasavyo hubaki na viambata vinavyouzuia mwili kuvunja protini, na mnunuzi hawezi kuona kwa macho kama ilikaangwa. Karanga ikishasagwa ndani ya unga, mafuta yake huchacha, unga ukaanza kunuka kabla haujafika nusu. La hatari zaidi ni sumukuvu, inayotokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Haionekani, haina ladha, na kuchemsha hakuimalizi. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliwaugulisha watu Dodoma na Manyara, na wengine walifariki. Mtoto anayekula unga uleule wa mahindi na karanga asubuhi, mchana na jioni ndiye anayebeba mzigo mkubwa kuliko sisi sote.

Ninachokipendekeza ni rahisi na hakina gharama ya kutisha. Chagua nafaka moja. Ulezi au mchele ni chaguo zuri. Ichambue mwenyewe, tupa zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizoota ukungu, saga kidogo kidogo. Karanga zikaange, zisage laini peke yake, tia kijiko wakati wa kupika. Halafu ile pesa iliyobaki ipeleke kwa muuza mayai na muuza dagaa.

"Uji mwepesi ndio unaofaa tumbo changa"

Chukua gramu 5 za unga kwa kila mililita 100 za maji, kiasi cha uji unaopita kwenye chuchu ya chupa iliyopanuliwa tundu. Uji huo una takribani kilokalori 18 tu. Maziwa ya mama, kwa ujazo uleule, yana kati ya 65 na 70. Ukimpa mtoto chupa ya uji huo akashiba, umemwondolea chakula kizito ukaweka chepesi. Na tumbo lake halipanuki kwa kukufurahisha: mtoto wa kilo 8 anachukua takribani mililita 240 kwa mlo mmoja, basi.

Uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko kilichoinamishwa bila kumwagika. Ukiona unamshinda kumeza, usiongeze maji. Wazee wetu walikuwa na kimea, kilekile cha togwa. Loweka ulezi, uache uchipue siku mbili tatu, uanike, uusage. Pika uji mzito mpaka mwiko uwe mgumu kugeuka, ondoa motoni, acha upoe kidogo maana moto mkali unaua nguvu ya kimea, kisha tia kijiko kimoja cha chai na ukoroge. Dakika chache tu utauona unalegea machoni pako, mwiko unaanza kwenda wenyewe, na hujapunguza hata chembe ya unga. Urudishe jikoni uchemke kidogo, umpe. Mbinu hii ilikuwa kwa bibi zetu kabla ya unga wa pakiti, na inaniuma kuona tunaiacha.

Kuhusu kiasi: anza na vijiko viwili au vitatu vya chakula, mara mbili kwa siku, upandishe taratibu mpaka nusu kikombe cha mililita 250, mara mbili hadi tatu. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara tatu au nne, pamoja na kitu kidogo katikati kama parachichi au ndizi mbivu. Akivuka mwaka, robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima. Kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili na zaidi.

"Supu ndiyo yenye nguvu"

Watu wazima wanakula nyama, mtoto anapewa mchuzi. Tumeizoea picha hiyo hata hatuioni. Ukichemsha nyama, protini na madini ya chuma hubaki kwenye nyama. Kinachobaki kwenye supu ni maji, chumvi, mafuta kidogo na harufu nzuri. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huja na akiba ya madini ya chuma ya miezi sita hivi, kisha akiba inakwisha kipindi ambacho damu yake inaongezeka kwa kasi. Maziwa ya mama yana chini ya nusu miligramu kwa lita, na mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji takribani miligramu 11 kwa siku. Basi nyama ndiyo iwe yake: maini ya kuku yaliyoiva vizuri na kupondwa, nyama iliyokatwakatwa sana, samaki aliyetolewa miiba yote.

Kama nyama ni ghali, dagaa wapo. Watoe vichwa, waoshe kwa maji ya vuguvugu mpaka mchanga uishe, waanike wakauke, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike ukiwabana kwa vidole viwili. Wasage, wachekeche, hifadhi kwenye chupa kavu. Kijiko cha chai kwenye ndizi au viazi lishe vya kupondwa, mtoto anakula bila kelele. Maharage, choroko na kunde pia vinafaa, na kipande cha chungwa au embe kwenye mlo huohuo kinausaidia mwili kunyonya chuma cha mboga na jamii ya kunde.

"Mayai yanachelewesha kuongea, karanga ngoja akue"

Yai halihusiani na ulimi. Ni kati ya vyakula vizuri tulivyo navyo, na anaweza kuanza nalo miezi sita, kiini na ute, mradi liive kabisa. Kuhusu karanga, utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia watoto 640 waliokuwa na hatari kubwa ya mzio. Waliopewa karanga mapema na mara kwa mara, mzio wa karanga ulipungua kwa takribani asilimia 80 wakilinganishwa na waliozuiwa. Mpe iliyosagwa laini ndani ya chakula. Karanga nzima ni hatari ya kupaliwa mpaka afike miaka mitano. Kama mtoto ana ukurutu mkali au ameshawahi kuvimba kwa chakula chochote, muone daktari kwanza.

"Hana meno, kila kitu kisagwe kwenye blenda"

Fizi za mtoto ni ngumu kuliko unavyodhani. Mpondee chakula kwa uma miezi ya mwanzo, kisha miezi minane mpe vipande laini anavyoweza kuvishika: boga, papai, viazi. Wanaocheleweshwa kuonja mabonge hadi baada ya miezi tisa au kumi mara nyingi husumbua kula baadaye.

Asali isiingie kinywani kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli, hata ile tone la kulamba. Chumvi na sukari havina kazi kwenye chakula chake. Juisi hapana, hata ya kukamua nyumbani. Chai ya rangi inazuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo ule mkate uliochovywa kwenye chai hauna faida unayoidhania. Maziwa ya ng'ombe kidogo ndani ya uji hayana neno, ila yasishike nafasi ya kunyonya.

"Lazima amalize"

Kumlaza mtoto mapajani, kumbana pua na kumimina uji kunaitwa kulisha, na nyumba nyingi kunafanyika kwa upendo kabisa. Kunaweza kupeleka uji kwenye mapafu. Anayegeuza uso au kufunga mdomo ameshasema. Pumzika, jaribu tena baadaye. Chakula kipya huenda kikakataliwa mara nane au kumi kabla ya kupendwa. Kama mwenye kushikilia bakuli ni bibi, usimvunjie heshima mbele ya watu. "Shikamoo mama, jana kliniki wametuambia tumkalishe wima, tumwachie ashike na yeye kijiko. Hebu jaribu naye, wewe anakuzoea zaidi." Bibi aliyepewa kazi huwa mwalimu mzuri.

"Anaharisha kwa sababu ya meno"

Meno huanza kuota kipindi kilekile mtoto anapoanza chakula, anapotambaa na kuokota kila kitu sakafuni. Kuota meno hakuleti kuharisha. Kinacholeta ni mikono isiyonawiwa, maji yasiyochemshwa, chuchu ya chupa isiyosafishika na uji uliopikwa asubuhi ukalazwa mezani mpaka jioni. Ndiyo maana nasisitiza kikombe na kijiko, na kupika kiasi cha mlo mmoja.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kusema mtoto ana "meno ya plastiki", wakampeleka kwa mtu wa kumkata fizi. Hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Uvimbe mweupe ule ni jino la kawaida linalokuja, na kuling'oa kwa kifaa kichafu kumesababisha maambukizi ya damu na vifo. Usikubali, hata ukilaumiwa na ukoo mzima.

Akiharisha, endelea kumnyonyesha na kumlisha kidogo kidogo, mpe ORS, ile chumvichumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 kwa mtoto aliyevuka miezi sita. Kama ana macho yaliyoingia ndani, analegea, anatapika kila anachopewa au choo kina damu, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.