Uraibu ni nini, na kwa nini si sawa na arosto

Katika mitaa ya Dar es Salaam na Unguja, panapozungumzwa habari za heroini, neno linalotajwa sana ni arosto, yaani mateso yanayompata mtumiaji mwili unapoikosa dawa. Uraibu ni neno linalosikika zaidi kliniki na katika matangazo ya serikali. Familia nyingi huyachukua maneno haya mawili kuwa jambo moja, na naliona kosa hilo kuwa la hatari kubwa.

Heroini hujishikiza kwenye vipokezi vya ubongo ambavyo kwa kawaida hupokea kemikali za mwili wenyewe za kutuliza maumivu. Mtu akiitumia kila siku, ubongo huizoea, kiasi kilichomtosha jana hakimtoshi leo, na hali hiyo huitwa usugu. Akiikosa, kwa kawaida baada ya saa 6 hadi 12, hupiga miayo, hutokwa na machozi na makamasi, huumwa viungo, hutapika, huharisha na hukosa usingizi. Mateso hayo huwa makali zaidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa wiki moja hivi.

Uraibu wenyewe ni ugonjwa sugu wa ubongo, unaomfanya mtu aendelee kuitafuta dawa huku akiyaona wazi madhara yake, kwa kuwa uwezo wake wa kujizuia umedhoofika. Arosto ikishakwisha, uraibu hubaki. Hamu inaweza kumrudia baada ya miezi, hata miaka, kwa sababu tu amepita kwenye kijiwe cha zamani au amekutana na mwenzake waliyekuwa wakivuta pamoja. Kumwita mtu huyo teja na kumwambia aache tu ni kumdai kitu ambacho ugonjwa umekwisha kumpunguzia.

Ndiyo maana kumfungia kijana chumbani wiki nzima, kisha kutangaza kwamba amepona, kunaweza kumponza. Usugu wake umeshashuka. Akirudia kipimo alichokuwa akikitumia zamani, pumzi inaweza kufifia mpaka ikakatika. Hatari hiyo humkabili pia anayetoka gerezani. Kwa mlevi wa pombe wa miaka mingi, hata kuachishwa ghafla kwenyewe kunaweza kuleta degedege na kifo, hivyo naye anahitaji daktari.

Kwa uraibu wa heroini, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, mwaka 2011, na baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala, Temeke na kwingineko. Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kubadilisha dawa kwa dawa. Methadoni kweli hushika vipokezi vilevile, lakini huingia polepole na hukaa mwilini kwa takriban siku nzima, kwa hiyo mgonjwa aliyepewa kipimo kinachomfaa huzuiwa asipate arosto bila kuleweshwa. Huinywa mbele ya mhudumu, hana haja ya sindano ambayo ingeweza kumwambukiza virusi vya UKIMWI au homa ya ini, na saa alizokuwa akizimaliza kutafuta kete hupata kuzitumia kazini na nyumbani. Wengine huhitaji dawa hiyo kwa miaka kadhaa, kama anavyohitaji dawa zake mgonjwa wa kisukari.